AC ya Nini Njombe?

Ukitaka kuniharibia siku mpaka leo, nipitishe karibu na gari lililochemsha. Harufu ile ya kulanti, dawa ya maji ya kupozea injini, iliyomwagikia chuma cha moto, tamu tamu kama sharubati iliyoungulia sufuriani, inanipanda kichwani kabla sijaona hata mvuke. Juzi nilikuwa Makambako, pale njia panda, nikisubiri usafiri wa kurudi Njombe, na mzee mmoja akafungua boneti ya gari lake kuukuu pembeni ya barabara. Mkononi ameshika dumu la maji, na huku anamgombeza mkewe, utadhani mkewe ndiye aliyevuja. Nilihamia upande wa pili wa barabara. Wenzangu mliolelewa na baba mwenye gari moja la zamani hamhitaji maelezo. Ninyi wengine, kaeni niwasimulie.

Gari letu lilikuwa la dizeli, refu, rangi ya krimu, na lilipofika kwetu lilikuwa limeshatumikia mabwana wengine huko lilikotoka. Asubuhi za baridi Baba alizungusha ufunguo nusu, akangoja ile taa ndogo ya hita plagi, zile za kuipasha injini moto, izime, kisha akaliamsha, nalo likakohoa na kumwaga moshi mweusi uwanja mzima. Alikuwa analiegesha kule mwisho kabisa, karibu na ua wa miti, mbali na jiko na mbali na madirisha. Mimi na kaka yangu Tumaini tulijua sababu, au tulidhani tunajua: hakutaka tuliguse.

Na lilikuwa na AC inayofanya kazi. Katika mtaa wetu, pembeni mwa mji wa Njombe, sikumbuki gari jingine lililokuwa nayo, na huo ndio uliokuwa mkosi wetu. Mtu anayeijua Njombe mwezi wa sita anaelewa. Unaamka majani yameganda sakitu nyeupe, maji ya kwenye ndoo yana ngozi ya barafu, watoto wanakwenda shule na masweta mawili na bado pua zinatiririka. Katikati ya baridi hiyo, baba yangu, mkulima wa viazi na mzee wa kanisa, anamiliki mashine ya kuleta baridi. Watu walimcheka mbele na nyuma. Wakitoka ibadani wanamwambia, "Mzee, leo tumeamka na AC ya Mungu, ya kwako ipumzishe." Baba anatabasamu na meno yameshikana.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache na misimamo mingi. Ukimuuliza kwa nini, alijibu, "Kwa sababu." Hapo mazungumzo yamekwisha. Tukiingia barabara ya vumbi alifunga vioo vyote na kuwasha AC hiyo, nasi nyuma tukatetemeka kama vifaranga vya mvua. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Niliamini kwamba AC ni dawa ya injini, kwamba Baba anaiwasha ili injini ipoe, na sisi tunapata tu ule ubaridi uliobaki. Nilimwona Baba kama mtu anayelihudumia gari kwanza, familia baadaye.

Mama alikuwa Mkinga wa Tandala, huko Makete, mfupi, mcheshi, mwenye ulimi uliokata kuliko panga. Alikuwa na kifua, lakini nani hana kifua Njombe wakati wa baridi? Nyumba nzima ilikohoa. Kukohoa kwa Mama sikukutofautisha na kukohoa kwa mtu mwingine yeyote.

Kuna desturi moja ya madereva wa kwetu ambayo watu wa nchi za joto hawaielewi. Msimu wa baridi wanachukua kipande cha boksi au gunia, wanakisokomeza mbele, nyuma ya zile fito za uso wa gari, ili upepo usiipige rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Bila hivyo gari la dizeli linatembea mwendo mrefu bila kupata joto, linavuta kwa shida na kutoa moshi. Baba alikuwa na boksi lake, la sabuni ya kufulia, amelikata kwa kisu taratibu mpaka likaingia sawasawa mbele ya kondensa, yaani kile kirejeta chembamba cha AC kinachokaa mbele ya rejeta yenyewe. Msimu ukianza analiweka. Msimu ukiisha analitoa, analifuta vumbi na kulihifadhi stoo pamoja na majembe.

Basi, siku moja ya likizo ya mwezi wa sita, tukitoka shambani Kifanya na viazi nyuma, gari likachemsha mlimani. Mvuke mweupe ukatoka chini ya boneti, na ile harufu tamu ikatuingia. Nikapiga kelele kutoka kiti cha nyuma, "Baba, washa AC!" Akaniangalia kwenye kioo kwa muda, kisha akasema, "Nyamaza." Nilinuna mpaka nyumbani. Nilikuwa nimewapa suluhisho, na watu wazima hawataki kusikiliza.

Rejeta ilikuwa imeoza chini. Matone ya kijani yalidondoka uwanjani usiku na mchana, kuku wakawa wanafukuzwa wasiyanywe. Na jioni ya siku ileile tuliyochemsha Mjomba akapiga simu kutoka Tandala. Mama aliipokea amesimama kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Aliporudi alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Mama amelazwa," alisema. "Ananiulizia mimi. Kesho napanda basi la Makete."

"Hapana," Baba akasema. "Nitakupeleka mwenyewe."

"Kwa gari gani?"

"Kwa gari letu."

"Gari letu si lile pale linavuja kama mtoto?"

"Litatengenezwa."

"Baba Tumaini, basi lipo kila asubuhi. Kwa nini nisipande basi?"

"Kwa sababu."

Sasa niambieni, mtu atafanya nini na jibu kama hilo? Siku zile mke hakuondoka kwenda kuuguza kwao huku mumewe amesema hapana, labda akiwa tayari kwa ugomvi wa ukoo mzima. Mama aliingia ndani akafunga begi lake: kanga, unga wa ulezi wa uji wa Bibi, na sweta zito alilomfumia. Begi akaliweka mlangoni, na pale likakaa.

Fundi wa kwanza alikuwa wa hapohapo Njombe. Aliinama, akatazama, akacheka. "Mzee, ng'oa hii kondensa uitupe, upepo uingie. AC ya nini Njombe?" Baba akafunga boneti, akamshukuru, akaondoka. Akaamua gari liende Makambako, kwenye mafundi wa magari makubwa na maduka ya spea. Lakini kabla ya kulipeleka, aliliosha. Naapa. Aliliosha kwa sabuni na brashi, matairi na vyote, huku Mama amesimama mlangoni pembeni ya begi.

"Unaliosha?" Mama aliuliza. "Mama yangu kalala hospitalini na wewe unasugua matairi?"

"Mgonjwa hapelekwi hospitali na matope miguuni," Baba alijibu.

Akatoa na kila kilichokuwemo: mazulia, magunia matupu, na lile boksi la sabuni, akalirudisha stoo. Ndiyo maana fundi wa Makambako hakuwahi kuliona, na hakuna aliyefikiri kumwambia. Nikikumbuka hilo natamani kurudi utotoni nikawazabe vibao watu wazima wote waliohusika.

Tulikwenda Makambako, Baba na mimi, na madumu ya maji nyuma, tukisimama kila kilima kuongeza. Fundi aliitwa Shabani, mtu wa Tanga aliyekuja na malori akabaki. Alivaa makoti mawili na kofia ya sufu juu ya baraghashia, na alikuwa anaichukia baridi ya kwetu kama mtu aliyedhulumiwa. Baba alipomweleza anachotaka, Shabani alisimama akamtazama usoni kuona kama anatania.

"Mzee wangu, huku kwenu Mwenyezi Mungu kawapa AC ya bure, haina mkanda wala feni. Mnaongeza ya nini?"

"Rejeta mpya," Baba alisema. "AC ibaki. Gesi isitoke."

"Hii kondensa imesimama mlangoni kama bawabu. Kuitoa rejeta lazima nimtoe bawabu. Nikifungua paipu zake gesi imekwenda, na huku sina wa kukujazia."

"Usifungue paipu. Ilegeze, uisogeze tu."

Shabani alipumua kwa nguvu, akaniangalia mimi kana kwamba ninaweza kumsaidia. Kisha akaanza. Akamwaga maji ya kijani kwenye karai, akakata mpira wa juu kwa kisu maana ulikuwa umeng'ang'ania, akapigana na nati zilizoshikana kwa kutu mpaka akawa anazisemesha Kisambaa. Kondensa akailegeza, akaisogeza mbele taratibu, akaining'iniza kwa vipande vya shuka kuukuu ili paipu zake zisipinde. Ilionekana kama mkono uliovunjika. Kati yake na rejeta palikuwa na senene waliokauka, majani, na vumbi la miaka. Rejeta yenyewe ilipotoka, Shabani aliigusa kwa kidole, na mapezi yake yakamomonyoka kama mkate mkavu.

"Hii ilikuwa inakuhurumia tu," alimwambia Baba.

Spea ikaletwa kutoka dukani, na haikuwa yenyewe. Ilikuwa ya gari la petroli lisilo na AC, nyembamba, haina hata mahali pa kufunga feni. Shabani akasema atachomelea vishikio, itakaa. Baba akaizunguka, akaipima kwa kiganja, akasema, "Hii si yake." Shabani akasema hata mguu wa bandia si wa mtu, lakini anatembelea. Baba akasema si yake. Basi ikaagizwa nyingine Dar es Salaam, ije kwa basi, na gari letu likabaki uwanjani kwa Shabani limeachama mdomo.

Tulirudi Njombe kwa basi. Mama alikuwa barabarani ananunua mchicha tuliposhuka. Alitutazama, akalitazama basi, akamtazama Baba.

"Kumbe mabasi unayajua," alisema.

Siku zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kuliko zote, na sizikumbuki kwa furaha. Kila asubuhi basi la Makete lilipiga honi likipita barabara kuu, na kila asubuhi Mama aliacha anachofanya mpaka honi ipotee. Hakumsemesha Baba. Alianza kusema na masufuria. "Ngoja tu," aliliambia sufuria la ugali, "na wewe ungoje spea kutoka Dar." Alifagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia. Baba alikaa barazani na simu yake, anampigia Shabani, anauliza, anakata. Nilimchukia kidogo, nasema kweli. Nilidhani anataka kufika ukweni na gari la AC ili wakwe zake wamwone. Nilidhani ni sifa tu. Kisha Mjomba akapiga tena, na safari hii Mama aliposhuka kwenye kichuguu alikaa chini karibu na begi lake.

Spea ikafika. Tulikwenda tena, na safari hii iliingia. Shabani akaifunga, akamrudisha bawabu mlangoni pake, akaweka mipira mipya, akajaza maji na kulanti na kuacha injini iungurume mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yakaisha. Akalipeleka gari barabara kuu kulijaribu, akarudi, mshale wa joto umetulia katikati. Baba aliwasha AC, akaweka kiganja kwenye tundu la upepo. Nikamwona anatabasamu peke yake. Sikuwahi kumwona akimtabasamia Mama hivyo, na roho iliniuma.

"Sasa nenda kagandie huko," Shabani akamwambia, na wakapeana mikono.

Kesho yake tukaamka kwa safari ya Tandala; Tumaini alibaki kulinda nyumba. Sakitu ilikuwa nyeupe mpaka juu ya boneti. Mama alikuwa ameshavaa kitenge chake kizuri na kukaa mbele, begi mapajani, kabla hata injini haijawashwa. Na Baba, kwa mazoea, kwa mikono inayojua kazi yake bila kichwa kuulizwa, akaenda stoo, akachukua boksi lake la sabuni, akalisokomeza mahali pake, mbele ya kondensa. Nilimwona. Kila dereva wa mtaa ule angefanya hivyo asubuhi ile. Ilikuwa sawa na kumvalisha mtoto sweta.

Wakati huo lami ya kwenda Makete haikuwapo. Lilikuwa vumbi jekundu, jepesi kama unga, na kila gari lililotangulia liliacha ukuta. Baba akafunga vioo, akawasha AC.  Mimi nyuma nikajikunja ndani ya blanketi. Tulipanda kilima cha kwanza, cha pili, na jua likawa limechomoza vizuri na baridi imelegea. Nikaona shingo ya Baba inakakamaa. Aliangalia mshale, akaangalia barabara, akaangalia mshale. Akazima AC. Na kabla hatujafika juu ya kilima kilichofuata ile harufu tamu ikaingia ndani, na mvuke ukaficha kioo cha mbele.

Baba akasimamisha gari. 

"Rejeta mpya," Mama akasema.

"Mpya."

"Inachemsha mpya."

Baba akashuka. Mama naye akashuka, na begi. Nyuma yetu kulikuwa na fuso inakuja, tupu, inakwenda Makete kupakia viazi. Mama akasimama katikati ya barabara na kunyoosha mkono wake mfupi, fuso ikasimama.

"Kamwene, mnyalukolo. Imechemsha?" dereva akatusalimu kikwetu na kuuliza kutoka dirishani.

"Nafika Tandala," Mama akamwambia. "Mama yangu yupo hospitali."

"Pole sana, mama. Huku mbele tumejaa. Ukiweza, panda nyuma."

"Naweza."

"Mama Tumaini," Baba akaita. "Hutapanda hilo gari."

Mama alishaweka mguu kwenye tairi. Akageuka. Alikuwa anatetemeka, na nilielewa kwamba hata yeye anamwogopa Baba kidogo, na kwamba siku hiyo hofu hiyo haikutosha.

"Baba Tumaini," alisema, "mama yangu hangojei rejeta."

Akapanda. Akajifunga kanga puani na mdomoni, akakaa juu ya magunia matupu. Fuso ikaondoka, na Baba akaikimbilia, mtu mzima, mzee wa kanisa, anapiga kelele, "Vumbi! Mama Tumaini, vumbi!" Akakimbia mpaka ukuta mwekundu ukamfunika na yeye. Mimi nilidhani anaogopa kitenge kitachafuka mbele ya wakwe. Nilimwonea aibu, nikatazama pembeni.

Alirudi mwekundu mpaka kwenye nyusi.  Alisubiri injini ipoe, na kusubiri huko hakukuwa kwa dakika chache, jua likapanda na magari mengine mawili matatu yakatupita na kutumwagia vumbi. Alipofungua boneti hatimaye, akamimina maji, akagusa mipira, akainama kuangalia mbele. Akabaki ameinama. Kisha akaingiza mkono kati ya zile fito na kulitoa boksi lake. Lilikuwa kavu na limepinda kwa joto, jina la sabuni bado linasomeka. Kwa safari fupi za asubuhi lilifaa; kwa milima hii, na jua, na AC, lilikuwa limeiziba injini pumzi.

Alilishika kwa mikono miwili. Akaangalia njia ilikopotelea fuso. Nilingoja alitupe bondeni, alikanyage, alichane, angalau aseme kitu. Akalikunja mara mbili na kuliweka chini ya kiti chake. Bado ni zuri, nadhani alifikiri, litafaa Julai. Nawaambia, wanaume wa kwetu!

"Ingia," alisema.

Gari lilikwenda bila tatizo lolote, mshale umelala katikati, milima yote, mpaka Tandala. Alikuwa ameiwasha AC tena na vioo vimefungwa. Nikamwambia, "Baba, nasikia baridi." Akasema, "Vumbi."

Wodini tulimkuta Mjomba amesimama mlangoni, mikono nyuma. Bibi yangu alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, amelala, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Kwenye kitanda cha pili, nguo ileile ya safari, nyusi na nywele nyekundu kwa vumbi, alilala mama yangu na kifaa cha mvuke usoni. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa sauti kama mlango mbovu. Sikuwahi kuisikia sauti ile. Ndipo nilipojua kwamba kile tulichokiita kifua nyumbani hakikuwa kifua cha baridi kama cha watu wengine.

Nesi akasema amechomwa sindano, anaendelea vizuri, alifika anatembea, akakaa na mama yake, na pumu ikambana baadaye. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha mtu huyu wa maneno machache akafumuka.

"Nilisema usipande! Siku ile tulipomleta huyu mtoto aonwe na mama yako, ndani ya basi, vumbi lile, ukakata pumzi mikononi mwangu, nani alikuwepo? Dereva alisimama, watu wakaanza kuimba tenzi, kana kwamba umeshakufa! Wakaimba, na wewe mikononi mwangu! Unadhani niliuza miti yangu ya Kifanya nikanunua gari la AC ili nipate ubaridi? Ubaridi ninao wa bure! Nilitaka vioo vifungwe na bado upate hewa isiyo na vumbi!"

"Baba," nesi akasema kwa upole, "hapa ni wodini."

Wagonjwa wote walikuwa wanatutazama. Baba alikuwa analia na hajui kwamba analia. Mimi nilisimama na blanketi langu, na hasira yangu yote ya siku zile haikuwa na pa kwenda. Mama akajitoa kile kifaa mdomoni.

"Mbona hukuniambia?" alisema, neno kwa neno, akivuta pumzi katikati.

"Nilikuambia panda gari."

"Ulisema gari. Hukusema pumzi zangu."

 Mama akageuza kichwa kuelekea kitanda cha dirishani.

"Amenijua," alisema. "Amenisema nimekonda. Akanywa uji, vijiko viwili vitatu, kisha akalala." Akapumzika kidogo. "Ungeniambia, ningengoja lipoe. Nakujua, na mimi najijua. Ningengoja. Ungenifikisha hapa mzima, nikamkuta mama yangu ameshanyamaza."

Baba akakaa ukingoni mwa kitanda cha Mama, akaanza kumfuta vumbi kwenye nyusi kwa kidole gumba. Bibi hakuamka tena. Alfajiri ya siku iliyofuata akatutoka, na Mama alikuwa ameshika mkono wake.

Tulimzika palepale kwao, kilimani, na Baba alichimba kaburi pamoja na vijana wa ukoo ingawa mkwe angeweza kukaa. Safari ya kurudi Mama alikaa mbele.  Vumbi lilipoanza, Baba akafunga vioo, kimoja kimoja, akahakikisha changu pia, akawasha AC. Baada ya muda gari lilikuwa baridi kuliko nje. Mama alikuwa amejifunika shuka la mama yake mpaka kidevuni, na nilisikia meno yake yakigongana. Baba alisikia pia. Akanyoosha mkono kuizima.

"Iache," Mama akasema. "Miti imeshakatwa."